Sarafu Nyembamba ya Shangazi

Kazi yangu ni kusimamia choo cha kulipia, Kariakoo, nyuma kidogo ya mitaa ya vitambaa. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia hucheka, na wakishamaliza kucheka ndipo tunaweza kuongea. Nakaa kwenye kiti cha plastiki. Mbele yangu kuna meza, kisahani cha bati, rundo la karatasi laini zilizokunjwa na ndoo yenye koki ya kunawia. Haja ndogo au kubwa, bei ni moja, mia mbili. Anayekuja na noti ya elfu kumi tunagombana, kwa hiyo wenyeji huja na sarafu mkononi. Zinaangukia kwenye kisahani tangu alfajiri, kutoka kwa wapagazi, kwa akina mama waliotoka mikoani kufunga mzigo wa duka, na kwa mabwana wenye mashati ya pasi ambao wakati wa kulipa hutazama upande wa pili.

Ukikaa miaka mbele ya sarafu, ama utazichoka ama utaanza kuzitazama. Mimi nilianza kuzitazama kwa uvivu tu, saa za mchana ambapo wateja hupungua. Siku moja nikaishika mia mbili uso wa kiongozi ukiwa wima, nikaigeuza kama mtu anavyofungua ukurasa wa kitabu, nikakuta simba wamelala ubavu. Kwenye sarafu zetu simba wanatakiwa kusimama kwa miguu yao. Nikachukua nyingine kutoka kwenye kisahani, nikazigeuza moja moja, na simba wote walikuwa wamesimama. Ni hao tu waliokuwa wamelala, na katika watu wote walioishika sarafu ile kabla yangu, hakuna aliyewaona. Nilijisikia vizuri kupita kiasi. Niliitia kwenye mfuko wa shati, nikatoa mia mbili yangu nikaiweka mahali pake, na huo ukawa mwanzo wa ugonjwa ambao mke wangu anaulalamikia hadi leo.

Baadaye nilijifunza mengine kwa kusoma kwenye simu na kwa kuuliza. Sarafu hutengenezwa kwa kupigwa. Kipande cha chuma kisicho na picha huwekwa kati ya mihuri miwili, mihuri inakutana kwa nguvu, na picha inabaki pande zote. Muhuri mmoja ukilegea ukazunguka, unapata simba waliolala. Kipande kikikaa vibaya, picha inahama, inaacha ukingo mmoja mpana na mwingine hauna kitu. Muhuri ukipata ufa, chuma hujipenyeza ndani ya ule ufa, na kwenye sarafu utaona mstari ulioinuka. Ukipitisha ukucha ukausikia mstari umeinuka, hilo ni kosa la kiwandani. Ukiwa umezama, ni mkwaruzo tu wa mtaani, na sarafu ya namna hiyo irudishe kwenye kisahani.

Zipo pia sarafu nyembamba. Bati la kukatia sarafu likibanwa kupita kiasi kwenye roli za kulisawazisha, vipande vinavyokatwa humo hutoka vyembamba, na mihuri huvigonga hivyo hivyo. Uso unatoka, simba wanatoka, maandishi yote yapo, ila sarafu ni nyepesi. Hizi ndizo ngumu kuzigundua kuliko zote, kwa sababu ukiishika peke yake haikuambii kitu. Mpaka uilinganishe na mwenzake.

Habari za mtu wa choo anayetafuta sarafu mbovu zilienea haraka, na wajanja hawakukosa. Mpagazi mmoja aliniletea mia mbili iliyobonyea katikati, akaapa kwamba imetoka benki hivyo hivyo.

"Hii imegongwa nyundo," nikamwambia.

"Umejuaje, bro?"

"Simba ana alama ya nyundo mgongoni."

Akacheka, akalipia choo kwa sarafu hiyo hiyo, akaingia.

Wenye kununua hizi sarafu si wengi. Namfahamu mmoja tu, mkusanyaji wa Upanga, mzee mpole anayeongea kwa simu kana kwamba kuna mgonjwa chumba cha pili. Amenunua kwangu tatu au nne kwa bei ya heshima, si ya kunitoa chooni. Sikuwahi kuifanya biashara. Nilipenda tu kuwa mtu anayeona kitu ambacho wengine wamekishika na kukiachia.

Shangazi yangu, dada wa baba, anauza udi. Kibanda chake kiko mtaa wa pili kutoka kwangu, kwenye kona. Ana makopo ya ubani na mavumba, vichupa vya zafarani, na sanduku la mbao lenye udi wa vipande, ule wa bei, ambao watu hununua kwa ajili ya harusi au mgeni wa heshima. Udi huo haupimwi kwa kijiko. Shangazi ana mzani mdogo wa shaba, wa kisonara, wenye visahani viwili na sindano katikati, aliouachiwa na marehemu mumewe. Jiwe lake la kupimia lilipotea zamani walipokuwa wanahama kibanda, na tangu hapo mahali pa jiwe iliwekwa sarafu ya mia mbili. Wauza udi wengine wa mtaa ule wakaiga. Ukienda leo ukasema, "Nipe pimo moja," kila mtu anajua unataka udi wenye uzito wa mia mbili. Bei yake ni kitu kingine kabisa.

Shangazi ni mtu mwenye hofu ya Mungu, na hofu yake huingia hadi kwenye vitu vidogo. Alijua sarafu inayozunguka mtaani huchakaa, na ikichakaa hupungua uzito, na ikipungua mteja anapunjika. Kwa hiyo hakutaka sarafu iliyopita mikononi mwa watu. Alikwenda benki akaomba mia mbili mpya, akachagua moja kati ya zilizoletwa, kwa kung'aa kwake, akaitunza kwenye kikopo chenye pamba. Haikununua kitu hata mara moja. Wenzake walipimia yoyote waliyoikuta mfukoni, yeye miaka yote alipimia ile moja, na nadhani alijivunia hilo kuliko alivyojivunia udi wenyewe.

Mwaka huu alipata nafasi ya kwenda Hija. Alikuwa ameidunduliza nauli kutoka kwenye kibanda kile kwa muda mrefu mno, akiweka kidogo kidogo, akikataa kualikwa sherehe zinazotaka michango. Alipolipia safari akabadilika hata mwendo. Kama ilivyo desturi ya mtu anayekwenda kule, akaanza kuzunguka kuomba radhi kwa ndugu, kwa majirani, kwa watu waliogombana naye juu ya kamba za kuanikia nguo. Kwangu alikuja hadi chooni. Alisimama pale kwenye ndoo ya maji, watu wanatoka ndani wanafunga mikanda, akaniambia, "Mwanangu, kama niliwahi kukukosea, nisamehe."

"Labda kwa kutonichapa vya kutosha, shangazi."

Hakucheka. Akasubiri mpaka nikasema, "Nimekusamehe," ndipo akaondoka.

Siku aliyokwenda kuchanjwa kwa ajili ya safari, aliniomba nimkalie kibandani. Nikamwachia mke wangu meza ya chooni. Asubuhi ilikuwa na mvua. Bonde la Jangwani lilikuwa limeanza kujaa maji, na watu wa upande ule hawakutokea, kwa hiyo mtaa ulikuwa umepoa. Akaja mwanamke mmoja aliyekuwa anakwenda Mchikichini, akataka mapimo mawili, tena upesi. Nikaona niokoe muda. Badala ya kupima mara mbili, nikaweka ile sarafu ya shangazi kwenye sahani, nikatoa mia mbili yangu mfukoni nikaiegemeza pembeni yake, nikamwaga udi sahani ya pili. Sindano ikatulia, nikamfungia, akalipa, akaondoka.

Nilipotaka kurudisha sarafu ya shangazi kwenye pamba nikaona kwamba hazilingani unene. Nilizisimamisha kwa ukingo, bega kwa bega. Yangu ilikuwa imechakaa, imepauka, imepita kwenye vyoo na masoko yote ya nchi hii. Yake inang'aa. Lakini ya kwangu ndiyo iliyokuwa nene. Nikaitazama ya shangazi juani kama ninavyotazama zote. Uso wa kiongozi uko sawa ila umefifia kidogo kwenye nywele, simba nao manyoya hayajakolea. Mihuri ilikosa chuma cha kutosha cha kubana. Ilikuwa sarafu nyembamba, ya kiwandani, safi, haijaguswa, aina ambayo nilikuwa nimeisoma tu.

Nilifurahi. Siwezi kusema vinginevyo. Nilishashika simu kumpigia mkusanyaji wa Upanga ndipo nikamwona yule mwanamke anakata kona na kifurushi chake, na nikaelewa kwamba nusu ya alichobeba ilikuwa pungufu. Nikachukua kipande cha udi, nikamkimbilia kwenye tope, nikamwongezea. Alinitazama kana kwamba natafuta njia ya kuingia kwenye pochi yake.

"Cha nini hiki?"

"Nyongeza, dada."

"Kariakoo hii?" akasema, akaongeza mwendo.

Jioni ile niliwaza. Lilikuwapo jambo jepesi kabisa la kufanya. Mia mbili zote zinafanana kwa mtu asiyezichungulia. Ningeweka nyingine kwenye pamba, shangazi angesafiri na moyo wake mweupe, akirudi angepimia sarafu nzima bila kujua kilichopita. Niliupenda mpango huo kwa muda wa kutosha. Kilichonikatalia ni vile alivyokuwa anazunguka kuomba radhi. Watu walikuwa wanamwambia wamemsamehe, na hakuna aliyejua anasamehe nini, wala yeye hakujua anaomba nini. Asubuhi nikaenda kibandani kabla ya wateja.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona mapema, umefukuzwa?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikaanza na roli na bati na mihuri, mpaka akaniambia niache kuzunguka. Nikasema, "Sarafu yako ni nyepesi. Ilitoka hivyo kiwandani. Pimo lako ni pungufu."

"Hii?" Alifungua kikopo. "Hii niliichukua benki mwenyewe. Haijawahi kuingia hata kwenye pochi."

"Ndiyo, shangazi. Ilitoka hivyo."

"Wewe unakaa na sarafu za chooni, unakuja kunifundisha sarafu ya benki."

Nilitoa mia mbili mfukoni nikaiweka mezani. Alielewa. Aliuvuta mzani, akaweka yake sahani ya kulia, ya kwangu kushoto. Sahani ya kushoto ikashuka, ikagota. Akasema mzani haujakaa sawa. Akaondoa zote, sindano ikarudi katikati, akabadilisha, yake kushoto, yangu kulia. Safari hii kulia ndiko kulikoshuka. Akasema ya kwangu ndiyo nzito, labda ina uchafu. Akafungua droo yake ya mauzo, akachukua mia mbili nyingine, kisha nyingine, kisha nyingine, anaiweka, inashuka, anaitoa. Alikuwa hanitazami tena. Mwisho akaacha sahani moja juu, nyingine chini, akaweka mikono mapajani.

"Nimepunja watu," akasema.

Nilimwambia hakujua, na asiyejua hana kosa. Akasema analijua hilo, hahitaji kufundishwa dini na mtu wa choo. Halafu akasema jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria kabisa. "Nauli yenyewe imetoka humu ndani."

Hilo ndilo lililomsumbua. Mtu haendi Hija kwa pesa yenye haki ya mtu ndani yake, na yeye hakuwa na njia ya kujua ni kiasi gani cha nauli ile kilikuwa chake na kiasi gani kilikuwa cha wateja. Tulikwenda wote kwa shehe wa msikiti anaoswalia. Shehe alimsikiliza kwa upole, akamwambia kwamba kwa kutojua hana dhambi, ila haki za watu zinabaki. Anaowajua awarudishie au awaombe radhi. Asiowajua awatolee sadaka kwa niaba yao, kisha asafiri kwa amani. Mimi niliona limekwisha. Tulipotoka nje shangazi akasimama kuvaa viatu, akakaa navyo mkononi.

"Sadaka ni ya wale wasiojulikana walipo," akasema. "Wangu wanajulikana. Wanapita pale mbele yangu kila siku."

Asiyeijua Kariakoo huenda asijue habari za spika. Kila duka lina spika mlangoni, na ndani yake sauti iliyorekodiwa inayorudia jambo moja tangu asubuhi hadi jua linapozama. Kanzu elfu kumi na tano, kanzu elfu kumi na tano. Sufuria seti nzima, njoo mama sufuria seti nzima. Mwenye kibanda cha kurekodi sauti hizo yuko karibu na kwangu, na huwa simtozi akija kujisaidia. Shangazi akanituma kwake, kisha akabadili mawazo akaja mwenyewe.

Yule bwana alimsikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu. "Mama, tangazo zuri, ila limepoa. Tuweke na mziki kidogo chini."

"Mziki weka kwenye harusi yako."

Likarekodiwa bila mziki. Kesho yake spika ikawekwa juu ya makopo ya ubani, na kati ya kanzu na sufuria kukaingia sauti ya mwanamke wa makamo, nzito, isiyo na haraka hata kidogo: "Asalaam aleikum. Mimi ni mama wa udi wa hapa kona. Pimo langu lilikuwa pungufu, na sikujua. Uliyewahi kununua kwangu, njoo nikukamilishie, au unisamehe. Nasafiri." Kimya kidogo, halafu inaanza tena.

Sarafu yenyewe alinipa imefungwa kwenye kitambaa, hakutaka kuiona mezani. Mkusanyaji wa Upanga, nilipomweleza, alisema bei ambayo ilinifanya nimwombe arudie. Nilipomfikishia shangazi, alikataa hata kusikia kiasi. Ninayo mpaka leo. Siku zingine naitoa kuitazama, na kwa kweli ni sarafu nzuri, ila sijapata ile raha niliyoipata kwa simba waliolala.

Watu walikuja. Kwanza waliokuja kucheka, wakisimama mbele ya spika na simu zao. Halafu wateja wa kweli. Wengi walisema, "Bi mkubwa, nimekusamehe, niombee huko," wakapita. Wengine walichukua kipande chao, na shangazi alitoa kikubwa kuliko kilichopungua. Mama mmoja alikuja na binti yake aliyeolewa kwa udi ule, akasema ndoa imekaa vizuri, pungufu liko wapi. Wapo pia wasiowahi kununua kitu. Dereva mmoja wa bodaboda alidai kwamba alinunua kwake udi wa maji. Nikamuuliza ni upi huo. Akasema ule wa chupa ya kijani. Shangazi akampa kipande.

"Huyu hajawahi kununua hapa, shangazi."

"Labda mama yake alinunua."

Sanduku la udi wa bei likawa linaonekana mbao za chini. Nilimwambia atabaki bila mtaji. Akasema huo ndio mtaji ambao wenyewe wamekuja kuuchukua.

Waliokuwa hawana raha ni wauza udi wenzake. Wateja walianza kuwaambia, "Hebu nione na ya kwako," wakitaka sarafu zilinganishwe kwenye mzani mbele ya macho yao. Isitoshe, ile sauti ilikuwa inachosha. Kanzu unaweza kuizoea usiisikie tena, lakini mtu anayeomba msamaha kutwa nzima kwenye spika huwezi kumzoea. Walinijia mmoja mmoja chooni, wengine bila hata haja. "Mwambie shangazi yako apunguze sauti kidogo. Sisi tunamheshimu, hatuwezi kumwambia." Nami nikawa naitikia, nikienda kibandani nakaa naongea habari za mvua.

Siku ya mwisho kabla ya safari, baada ya swala ya alasiri, alikuja jirani yake wa ng'ambo ya barabara. Ni mtu mzima wa Kusini anayeuza vitambaa kwa mita. Alikuja mjini angali kijana, na duka lake limetazamana na kibanda cha shangazi tangu mumewe angali hai. Walikuwa wanasalimiana kila asubuhi, na nguo zote za shangazi, pamoja na zile nyeupe za safari, kitambaa kilitoka dukani kwa mzee huyo. Alishampa shangazi radhi mwanzoni kabisa, kabla ya habari za sarafu. Sasa alisimama pale, hakai.

"Dada, njoo mara moja dukani kwangu."

"Kama ni udi wako, nimekuwekea."

"Si udi. Njoo."

Tukavuka wote watatu. Meza yake ya kupimia ni ya mbao ndefu, na ukingoni imepigiliwa misumari miwili, mmoja mwanzo na mwingine mwisho wa mita. Anavuta kitambaa kutoka msumari hadi msumari, anakata. Akasogeza majora pembeni, akaweka kidole kwenye mbao. Kabla ya kufika msumari wa pili, upana wa kiganja hivi, kulikuwa na msumari wa tatu. Kichwa chake kilikuwa kimelainika kwa kusuguliwa na nguo.

"Huu ni wako," akasema.

Shangazi akautazama bila kuelewa. Mimi nilielewa, nikatamani niwe chooni.

"Nilipomwoza binti yangu nilinunua udi kwako, mapimo mengi. Nikaupitisha kwa sonara, ukapungua. Nikasema, huyu mwanamke amefiwa juzi, ana dhiki, si vizuri kumwaibisha. Nikanyamaza. Lakini na mimi sikutaka kula hasara. Nikapiga huu msumari. Ukija wewe, napimia hapa." Alikuwa anaongea akitazama mbao. "Wewe hukujua, dada. Mimi nilijua. Sasa ile sauti yako inaniomba mimi msamaha kutwa nzima, na siwezi kula."

Shangazi akaweka kidole gumba juu ya ule msumari. Nilidhani atauliza habari za vitambaa, kwa sababu fundi aliyemshonea nguo za safari alilalamika kwamba ni vifupi mno na akampunguzia mikono. Hakuuliza hilo.

"Miaka yote hii uliniona mwizi?"

"Nilikuona jirani mwenye shida."

"Mwizi mwenye shida."

Mzee akalisogeza jora ambalo halikuwa njiani.

"Na asubuhi ulikuwa unanisalimia."

"Nilikuwa nakusalimia."

"Ungeniambia siku ile," akasema shangazi, na hapo sauti yake ikapasuka, jambo ambalo sikuwahi kulisikia hata mazishini kwa mumewe. "Ungekuja tu ukaniambia, jirani, pimo lako lina kasoro. Ningebadilisha sarafu siku hiyo hiyo. Watu wote waliokuja baada yako nisingewapunja. Wewe ulinionea aibu mimi, wao wakapunjika."

Yule mzee akakaa kwenye jora la kitambaa. Alikuwa amekuja kuungama msumari wake, na nadhani hilo lingine lilikuwa halijamjia kichwani hata siku moja. Alifunika uso kwa mikono yake. Ng'ambo ya barabara spika ikamaliza, ikanyamaza, ikaanza tena kusalimia. Mimi niliyekuwa nimesimama katikati yao niliona aibu pia, maana nilikumbuka jinsi nilivyoipenda ile njia ya kubadilisha sarafu kimyakimya.

"Ung'oe," shangazi akasema.

Akainuka, akatafuta koleo, akaung'oa. Ulitoka kwa shida, na shimo likabaki jeusi kwenye mbao. Akauweka kwenye kiganja cha shangazi. Shangazi akaupokea, akautazama, akautupa kwenye ndoo ya taka.

"Vitambaa nimekusamehe," akasema. "Hilo la kunyamaza moyo haujataka."

"Nakusikia."

"Lakini kesho nasafiri." Alifuta macho kwa ncha ya mtandio, kwa hasira. "Basi na hilo nimekusamehe. Si kwa kupenda. Na wewe niambie."

"Mimi nilishakusamehe zamani, dada."

"Zamani ulinisamehe wizi ambao sikuufanya. Nisamehe upya."

"Nimekusamehe upya."

"Na nikirudi, ukiona nimekosea jambo, dogo, kubwa, uvuke barabara uje uniambie usoni. Sema wallahi."

"Wallahi."

Mzee akarudisha koleo mahali pake, akatazama ng'ambo. Nilimwona anasita, anafumbua mdomo na kuufumba.

"Basi naanza leo," akasema. "Dada, ile spika imetuumiza vichwa mtaa mzima. Hata tukilala tunaisikia. Tafadhali kaizime."

Shangazi alimkazia macho, kisha akanikazia mimi, akaona usoni kwangu kwamba nilikuwa najua. Akafungua mdomo kusema kitu, akaacha, na badala yake akacheka, kicheko kikubwa cha mtu aliyechoka, mpaka akashika ukingo wa meza. Halafu akavuka barabara akaenda kuizima.